Ukipigwa na mume: mwongozo kamili wa cha kufanya kabla, usiku huohuo na mpaka mahakamani (Tanzania bara)

Dada zangu na mama zangu, hii ni ndefu, isome ukiwa umetulia, na kama simu yako huwa inashikwa na kupekuliwa basi isomee kwenye simu ya rafiki au ya dada yako. Naongea na watu wa Tanzania bara kwa sababu Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, kule kuna mahakama za kadhi na vituo vyao vya Mkono kwa Mkono vya kuhudumia waliofanyiwa ukatili, ila mambo ya hospitali, simu na usalama niliyoandika humu hata wa Unguja na Pemba anaweza kuyafuata.

Nianze na kinachoniuma. Wanawake wengi wakipigwa wanaanza na kikao. Anaitwa mshenga, wanaitwa wazee, mama mkwe anakuja na maneno yake, mnakaa mpaka saa sita usiku, jamaa anaomba msamaha mbele ya watu, mnakula wali, yameisha. Wiki tatu baadaye anapiga tena, na hapo jeraha la kwanza limeshapona, hakuna picha, hakuna karatasi, hakuna RB (namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni), ukienda polisi unaonekana unaleta kesi mpya kabisa kumbe ni mwaka wa nne huo. Mpangilio unatakiwa uwe mwili kwanza, karatasi pili, kikao mwisho. Kikao kinaweza kusubiri hata mwezi, lakini jeraha halisubiri. Na msidhani ni wachache, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa mwili tangu walipofikisha miaka 15.

Na kama umewahi kuambiwa mume ana haki ya kumrudi mke wake, hiyo haki haipo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Imeandikwa hivyo tangu 1971. Mahari haibadilishi kitu.

HATUA YA 1: JIANDAE UKIWA BADO NDANI

Hata kama hujaamua kuondoka, fanya haya. Kujiandaa siyo kuvunja ndoa.

Karatasi kwanza. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya bima kama ipo, kadi ya benki, vyeti vya shule, na karatasi za mali, iwe hati, mkataba wa mauziano wa kiwanja uliosainiwa serikali ya mtaa, risiti za mabati na saruji, kadi ya pikipiki, daftari la vikoba. Ukiweza toa kopi, ukishindwa piga picha kila ukurasa kisha mtumie mtu mmoja unayemwamini na ufute kwenye simu yako. Huyo mtu asiwe shemeji. Siyo kwamba mashemeji wote wabaya, ila siku ya siku watasimama na ndugu yao na huwezi kuwalaumu sana.

Halafu simu, hapa wengi ndipo wanapokamatikia. Piga *106# uone hiyo laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Kuna wanawake wana miaka kibao na laini ambayo mume ndiye aliyeisajili kwa NIDA yake, maana yake siku mkikorofishana anaenda kwa wakala anairudisha laini kwenye simu yake na hela yako yote ya mtandao, na watu wako wote, vimehamia kwake. Kama ndivyo, sajili laini mpya kwa jina lako taratibu na uanze kuhamishia akiba huko. Badilisha namba ya siri ya hela, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala wa mtoto. Ingia kwenye mipangilio ya whatsapp uangalie vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta au simu usiyoijua iondoe. Angalia na ramani ya google kama kuna mtu unamtumia mahali ulipo bila kujua. Ila kuwa makini, kama ni mtu anayekufuatilia kila dakika ukizima kila kitu kwa mkupuo atashtuka, hapo ni bora utumie simu nyingine kwa mawasiliano ya siri na hii uiache kama ilivyo.

Weka hela ya nauli pembeni, ya kukutosha bodaboda usiku na basi asubuhi. Kama uko kwenye kikundi mwambie mweka hazina akushikie, wengi wanaelewa bila maelezo marefu.

Chagua jirani mmoja mpatane alama. Inaweza kuwa taa ya nje ikiwaka mara mbili, inaweza kuwa mtoto mkubwa kutumwa kuomba chumvi, chochote, akiiona ajue ni kupiga simu 112 au kumwamsha mwenyekiti wa mtaa. Na mtoto anayeweza kuongea mfundishe kwamba 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto, anaweza kupiga hata mwenyewe.

Na andika. Daftari dogo lisilokaa nyumbani: tarehe, saa, alifanya nini, alitumia nini, nani alisikia. Mistari miwili inatosha. Hakimu akikuuliza ni mara ngapi, mtu anayesema "mara nyingi tu" na mtu anayesema "tarehe fulani kwa mkanda, tarehe fulani alinisukuma ukutani, jirani aligonga mlango" hawasikilizwi sawa hata kidogo.

HATUA YA 2: USIKU WENYEWE

Ugomvi ukianza kupanda toka jikoni, kuna visu, kuna maji ya moto, kuna mkaa. Usijifungie chooni wala chumba chenye mlango mmoja. Sogea upande wa mlango wa kutokea. Piga kelele kweli kweli, aibu ya majirani kusikia ni ndogo na hao majirani ndio mashahidi wako wa kesho.

Akishakukaba shingo, hata kama ni sekunde chache, hata kama hakuna alama, hiyo ipe uzito kuliko kofi kumi. Mtu aliyekabwa anaweza kuonekana mzima halafu hali ikabadilika baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, kwa hiyo sauti ikikwaruza, ukimeza kunauma, macho yana vidoti vyekundu, kichwa kinazunguka, nenda hospitali usiku huohuo na umwambie daktari kwa neno hilohilo, "alinikaba". Mwanaume aliyefika hatua ya kukaba, au kukutishia kwa panga au kisu, au anayesema ukiondoka nakuua, huyo ana hatari ya juu ya kuua na usimpe nafasi ya kujadiliana naye mkiwa wawili. Na wakati mwanamke anapoondoka ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, kwa hiyo usimuage na usimtishie kwamba utaondoka. Unaondoka akiwa kazini, akiwa safarini, au ukiwa na watu.

Watoto nenda nao kama inawezekana kabisa.

HATUA YA 3: POLISI NA PF3

Kama unavuja damu, umevunjika au una mimba, hospitali kwanza, karatasi itafuata nyuma. Kama unaweza kusimama, pitia polisi kwanza. Ukifika ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, yapo zaidi ya 400 nchini, kituo kidogo kinaweza kisiwe nalo lakini kituo cha wilaya mara nyingi kinalo. Ni haki yako kuongea kwenye chumba cha pembeni badala ya kaunta mbele ya watu wote, na unaweza kuomba askari wa kike.

Kuna vitu viwili usitoke bila kuvipata. Cha kwanza ni namba ya RB, iandike kwenye mkono kama huna karatasi, kwa sababu kesi bila RB haina pa kuitafutia. Cha pili ni PF3, fomu ya polisi unayopeleka hospitali daktari aijaze. Zote ni bure. Ukiambiwa hela ya karatasi, hela ya kalamu, hela ya mafuta ya gari la kwenda kumkamata, sema huna na uombe kuonana na mkuu wa kituo. Ukikwama hapo, asubuhi nenda ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukiwa na mtu mwingine, mtu wa pili anasaidia sana kwa sababu unapokuwa peke yako ni rahisi kuzungushwa.

Maelezo yako yataandikwa na askari. Usisaini mpaka usomewe yote. Angalia kama ameandika kitu alichotumia kukupigia, saa, na majina ya waliosikia. Kama umeelezea kukabwa na yeye kaandika "ugomvi wa kifamilia" mwambie arekebishe kabla hujasaini, maana kupiga mtu na kumuumiza ni kosa la jinai, kudhuru mwili adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5, na akisababisha madhara makubwa inapanda zaidi, haijalishi kama mnalala kitanda kimoja.

Utaambiwa pia "mkayamalize nyumbani". Jibu kwa heshima tu: afande naomba RB na PF3, habari ya kuyamaliza tutaangalia baadaye. Rudia maneno hayohayo bila kugombana.

HATUA YA 4: HOSPITALI

PF3 ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari, na hiyo ya daktari ndiyo inayobeba kesi. Kwa hiyo usione haya kumwonyesha kila kitu. Fungua kitambaa kichwani aone uvimbe ulio ndani ya nywele, geuza mdomo aone ndani palipochanika na meno, onyesha nyuma ya masikio, shingo, ndani ya mikono pale ulipojikinga, mgongo, mapaja. Daktari aliyeandika "maumivu ya mwili" na daktari aliyeandika "michubuko mitatu mkono wa kushoto yenye urefu kadhaa, inaonekana imetokana na kitu butu" wamekupa kesi mbili tofauti kabisa. Ukiona kaandika kifupi mwombe aongeze, na hakikisha kuna jina lake, saini, tarehe na muhuri. Piga picha fomu yote kabla ya kuirudisha polisi, PF3 zinapotea.

Baadhi ya hospitali kubwa zina vituo vya huduma jumuishi ambapo daktari, polisi, na ustawi wa jamii wako sehemu moja, Amana pale Dar ni mojawapo, uliza kama hospitali yako ya mkoa ina huduma hiyo itakupunguzia kuzunguka.

Picha za majeraha piga siku hiyo, kesho, na kesho kutwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi mchubuko siku ya kwanza unaweza usionekane kabisa, unajitokeza siku ya pili au ya tatu ukiwa umeiva. Piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha uso wako, kwa mwanga wa mchana, bila filta.

Kama umebakwa, na iwe na nani, kuna saa zinazokimbia. Usioge, usifue, usijisafishe ukeni, hata meno acha kama mdomo ulihusika. Nguo ulizovaa, chupi ikiwemo, weka kwenye mfuko wa karatasi au funga kwenye gazeti, usiweke kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi vizuri ukimeza mapema, vinaweza kusaidia mpaka saa 120. Omba pia kinga ya magonjwa ya zinaa na ya homa ya ini. Kama saa 72 zimepita bado nenda, kuna vipimo na kuna msaada wa kuongea na mtu.

Hapa kuna kitu kichungu inabidi nikiseme wazi: kwa sheria ya bara ilivyo, mume hashtakiwi kwa kumbaka mke wake kama hawajatengana. Naona ni pengo baya na wanaharakati wamelipigia kelele kwa miaka. Lakini kipigo, majeraha na vitisho vilivyoambatana na tukio hilo vinashtakika, na kama mlishatengana basi ni kubaka kama kubaka kwingine, ambako adhabu yake haishuki chini ya miaka 30. Kwa hiyo daktari na polisi waambie yote.

HATUA YA 5: PA KULALA

Kwa wazazi ni sawa kama siyo wao wanaokurudisha. Kama huna pa kwenda ongea na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au hilo Dawati, nyumba salama zipo ila ni chache na anwani zake hazitangazwi, unaunganishwa kupitia wao. Ukihama usipost picha za mtaa, waambie na watoto wasiseme wako wapi kwenye simu wakiongea na baba yao. Shule toa taarifa kwa mwalimu mkuu nani anaruhusiwa kuwachukua.

Meseji za vitisho usifute hata zikikukera. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa simu mahakamani, piga skrinishoti zinazoonyesha namba na tarehe, siyo jina tu ulilosevu, na hiyo simu yenyewe itunze.

HATUA YA 6: KESI YA JINAI

Kesi ya kupigwa inaendeshwa na Jamhuri, yaani serikali, wewe ni shahidi, huhitaji wakili wala kulipia. Kinachoua kesi hizi ni mlalamikaji kutofika. Ndugu watakuja, watasema unamfunga baba wa watoto wako, nani atalipa ada, na mwingine ataleta na hela. Sitakuhukumu ukiamua kusamehe, maisha ni yako na unaijua hali yako, ila uamuzi huo ufanye ukiwa umelala usingizi, umekula, uko sehemu salama, siyo ukiwa umezungukwa na watu kumi sebuleni.

HATUA YA 7: KIKAO SASA, CHENYE KARATASI

Kama unataka talaka, mahakama haitakupokea mpaka upitie baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA (baraza la Waislamu) au la kanisa. Hiki ndicho kikao chenye maana kisheria. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, na hiyo hati uifikishe mahakamani na madai yako ndani ya miezi 6, ikilala kabatini ikapitiliza unaanza upya. Kama unaogopa kukaa naye chumba kimoja sema mapema, omba muitwe kwa zamu, na kama kuna hali isiyo ya kawaida inayofanya baraza lisiwezekane, mahakama inaweza kukuruhusu upite bila hiyo hati. Ndoa ikiwa haijafika miaka 2 talaka inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza, lakini amri ya kutengana unaweza kuomba.

"Mimi hatukufunga ndoa, tulikaa tu." Kama mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii inawatambua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinakupa dhana ya ndoa, na mahakama inaweza kuamua kuhusu mali na matunzo. Mashahidi wako ni majirani, balozi wa nyumba kumi, mwenye nyumba mliyepanga kwake.

HATUA YA 8: NYUMBA NA MALI

Nyumba ya familia hairuhusiwi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukisikia tetesi anatafuta mteja usisubiri: peleka barua ya pingamizi ofisi ya ardhi, kopi serikali ya mtaa ambako mauziano yanasainiwa, na kama kuna mkopo kopi benki, kila kopi igongwe muhuri wa kupokelewa na moja ubaki nayo. Barua hiyo ya ukurasa mmoja imeokoa nyumba za watu. Vijijini pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, kwa hiyo ukiambiwa kimila mwanamke hamiliki shamba, hiyo siyo sheria.

Na usikubali kuambiwa "wewe ulikuwa umekaa tu nyumbani". Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ila soma na mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa fedha za kuendeleza mali na akazitumia vibaya. Kwa hiyo leta risiti, majina ya mafundi, meseji za kutuma hela ya tofali, daftari la genge, na mtu anayeweza kusema alikuona ukisimamia ujenzi. Mgao unafuata mchango uliothibitishwa, siyo lazima iwe nusu kwa nusu.

Watoto wa chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni vizuri wakae na mama, dhana hiyo inaweza kupingwa, ndiyo maana ustawi wa jamii watakuja kuangalia unapoishi. Matunzo ya watoto unaweza kuyadai hata bila talaka, anzia ustawi wa jamii.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wapo wilaya nyingi, ulizia halmashauri. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yanatoa msaada bure kwa asiye na uwezo, watakuandikia madai na kukufundisha namna ya kujieleza. Nenda na lile daftari lako, RB, picha ya PF3 na hati ya baraza, vyote kwenye bahasha moja.

Hukumu ikitoka omba nakala siku hiyohiyo, usiridhike na kusomewa tu. Soma mgao wa mali umeandikwaje, kiwanja kipi, kiasi gani cha matunzo, kinalipwa tarehe ngapi na kupitia wapi. Usiporidhika, rufaa ya mashauri ya ndoa ni ndani ya siku 45 tangu uamuzi, na usitegemee kwamba zitasimama kwa sababu bado unafuatilia nakala, kwa hiyo wiki ya kwanza tu rudi kwa aliyekusaidia kisheria mwangalie pamoja, na ombi la nakala liwe la barua yenye muhuri wa mahakama wa kupokelewa.